Ituri, Jimbo Lililozaliwa Mara Tatu

Neno «jimbo» kwetu lina wenyewe wawili: Kanisa hulitumia kwa eneo la askofu, Serikali kwa eneo la gavana. Hapa tunazungumzia lile la Serikali. Wengi wenu mmelikuta tayari kwenye ramani ya darasani, kana kwamba limekuwapo tangu enzi. Sivyo. Ituri imefanywa jimbo mara tatu, na kila mara kwa mkono tofauti.

Mara ya kwanza ni mwaka 1962. Kongo changa iliruhusu majimbo sita ya wakati wa ukoloni yagawanywe, na lile la Mashariki likatoa matatu: Kongo ya Juu, Uele, na Kibali-Ituri yenye makao yake Bunia. Halikudumu. Mwaka 1966 Mobutu aliyaunganisha tena majimbo, nasi tukarudi chini ya Kisangani, mwendo wa zaidi ya kilomita 600, sehemu kubwa yake msituni. Kwa mkazi wa Aru, Kampala ilikuwa karibu kuliko makao makuu ya jimbo lake mwenyewe.

Kuzaliwa kwa pili ndiko kunakostahili kuchunguzwa sana. Mwezi wa Juni 1999, Jenerali James Kazini, aliyeongoza majeshi ya Uganda nchini mwetu, alitangaza jimbo la Kibali-Ituri na kumteua Bi Adèle Lotsove kuwa gavana. Hakuna bunge la Kongo lililoulizwa. Mwaka huohuo mapigano ya Wahema na Walendu kuhusu mashamba yaliwaka katika Djugu. Sisemi kwamba ramani ndiyo iliyoleta vita. Ugomvi wa ardhi ni wa kale zaidi. Lakini uongozi ulipotolewa na jeshi la kigeni, watu walijifunza kutafuta haki yao kambini badala ya mahakamani, na maelfu kwa maelfu waliangamia kufikia mwaka 2003.

Tendo lile halikusahauliwa. Tarehe 19 Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua kwamba Uganda iliikalia Ituri kwa nguvu, na miongoni mwa ushahidi ilioutaja ni kule kuundwa kwa jimbo na kuteuliwa kwa gavana. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo iliiamuru Uganda ilipe fidia ya dola milioni 325. Sahihi ya jenerali, iliyodaiwa kuleta utaratibu, ilikuwa imegeuka shahidi dhidi ya nchi yake.

Mara ya tatu ilipitia njia ya sheria. Katiba ya 2006 ilitaja Ituri kati ya majimbo mapya na kutoa miezi 36. Tulingoja hadi 2015. Tulipokea teritwari tano: Irumu, Djugu, Mahagi, Aru na Mambasa. Mambasa peke yake, nchi ya msitu na okapi, ni zaidi ya nusu ya jimbo lote, ilhali wakazi wengi wamesongamana kwenye nyanda za juu za mashariki, juu ya Ziwa Albert, na Bunia iko upande huohuo. Kwa mtu wa Mambasa, basi, makao makuu bado yako pembeni.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 jimbo hili liliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Gavana akawa jenerali aliyeteuliwa kutoka Kinshasa, na Bunge la jimbo, ambalo kwa Katiba ndilo humchagua gavana, likasimamishwa.