Mabao tarajiwa, yanatarajiwa na nani?

Wachambuzi wetu wa soka wameshaizoea istilahi hii: timu imefunga mabao 2, mabao tarajiwa 0.9. Ikimfikia mtu aliyekaa kibanda umiza cha Mwamgongo, kule kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, inabadilika maana. Bibi harusi mtarajiwa tumeshamchangia, siku imepangwa. Mama mtarajiwa, tumbo linaonekana. Basi mabao tarajiwa yatakuwa yale aliyoahidiwa mwenye mkeka, na yasipoingia, mchambuzi kamwingiza mjini.

Kumbe hesabu yenyewe haitabiri, inatazama nyuma. Kila shuti hupewa namba kati ya 0 na 1 kwa kulinganishwa na maelfu ya mashuti yaliyokwisha kupigwa katika hali kama ile: umbali, pembe ya goli, mguu au kichwa, aina ya pasi iliyomfikia mpigaji. Penalti hupewa kama 0.76, maana katika penalti 100 takriban 76 huingia. Shuti la mbali, lile la kujaribu bahati, linaweza kuambulia 0.03. Jumlisha mashuti yote ya timu, ndiyo xG, yaani mabao tarajiwa, unayoiona kwenye kioo. BBC waliingiza namba hii katika kipindi cha Match of the Day msimu wa 2017/18, na baadhi ya watangazaji wakongwe wa Uingereza waliicheka.

Neno “tarajiwa” limetoka kwa wanahisabati, ambao kwao ni wastani wa mambo yanayorudiwa mara nyingi. Mvuvi wa dagaa analijua hilo bila kalamu: kwa taa zile, wavu ule na giza zima la mwezi, anajua usiku mmoja kwa kawaida unampa nini. Usiku wa leo anaweza kurudi mtupu, na hakuna atakayesema hajui kuvua.

Magazeti yetu hayana subira hiyo. Aprili 2024, kwenye Uwanja wa Lake Tanganyika, Mashujaa ya Kigoma iliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho: sare ya 1-1, kisha penalti 6-5. Matokeo ya namna hiyo hugeuzwa haraka kuwa kesi: Simba imekwisha, au Mashujaa wamebahatisha. Thamani ya mashuti ya dakika zile za mchezo ingetusaidia kujua kipi kina uzito. Lakini mikwaju ya mwisho haiingii katika hesabu hiyo hata kidogo, na mikwaju ndiyo iliyoamua nani asonge mbele. Kabla ya hapo, Julai 2021, fainali ya kombe hilo ilipigwa uwanjani hapohapo. Simba iliifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga, baada ya Yanga kubaki 10 tangu kipindi cha kwanza kufuatia kadi nyekundu ya Mukoko Tonombe. Namba ya mechi kama ile lazima isomwe pamoja na kadi, la sivyo itadanganya kuliko hata kichwa cha habari.

Mimi hesabu hii ningeiita “thamani ya nafasi”. Mtangazaji aseme, kwa mfano, “Mashujaa wametengeneza nafasi zenye thamani ya bao 1.4”, na msikilizaji atajua kinachopimwa ni nafasi, si ahadi. Wapo watakaosema “thamani” inanuka pesa za usajili, na kwamba “nafasi” tunaitumia pia kwa msimamo wa ligi. Ni kweli. Wengine watapenda “ubora wa nafasi”, ambao tayari uko midomoni mwa makocha. Shida yake ni kwamba ubora haujumlishwi: huwezi kuchukua ubora wa shuti la dakika ya 10 ukauongeza kwenye ule wa dakika ya 80 ukapata 1.4. Thamani inakubali.