Wadudu waliwao

Wadudu waliwao ni wadudu ambao binadamu huwafanya chakula, wakiwa bado mayai, mabuu au mabundo, au wakishakuwa wakubwa wenye mabawa. Orodha iliyokusanywa na Yde Jongema wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, ilikuwa imefikia spishi 2,111 mwaka 2017. Kati ya hizo mbawakawa ni takriban asilimia 31, viwavi 17, jamii ya nyuki, nyigu na sisimizi 15, na jamii ya nzige, senene na nyenje 13. Mchwa na kumbikumbi wana asilimia 3 tu ya orodha, ilhali huliwa karibu kila pembe ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Wingi wa spishi haulingani na wingi wa walaji. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ya mwaka 2013, iliyoandikwa na Arnold van Huis na wenzake, ilikadiria kwamba wadudu wamo katika mlo wa watu bilioni 2. Kadirio hilo limenukuliwa kila mahali, na wataalamu wengine wameliona kubwa mno.

Vitabu vingi vya lishe huwataja wadudu katika sura ya njaa au, siku hizi, katika sura ya protini nafuu kwa dunia inayozidi kujaa watu. Sura zote mbili zimejengwa juu ya dhana moja, kwamba mtu hamli mdudu ila amekosa nyama. Ushahidi wa masoko, wa miiko na wa taratibu za kimila unakataa dhana hiyo. Mahali pengi wadudu ni chakula cha kuchaguliwa, chenye msimu wake, wajuzi wake na bei yake, na bei hiyo si ajabu kuipita ya nyama. Makala hii inawaeleza kwa mtazamo huo.

Historia

Katika kasri la mfalme Senakeribu huko Ninawi, karibu mwaka 700 KK, walichongwa watumishi wakipeleka karamuni nzige waliotungwa kwenye vijiti, pamoja na makomamanga. Karamu ya mfalme wa Ashuru haikupungukiwa na kondoo. Aristotle aliandika kwamba nyenze huwa mtamu zaidi akiwa katika hatua ya mwisho kabla ya kupasua ganda lake, maneno ya mlaji anayejua anachokitafuta, na Plinio akaeleza jinsi Warumi walivyoyanenepesha kwa unga mabuu yaliyotolewa mitini. David Livingstone na nduguye Charles, katika kitabu chao cha mwaka 1865, walieleza mikate ya kungu inayotengenezwa kwa vijidudu vinavyopaa kama mawingu juu ya Ziwa Nyasa. Huko Ufaransa na Ujerumani supu ya mbawakawa wa mwezi wa Mei iliendelea kupikwa hadi karne ya 20.

Mwaka 1885 Mwingereza Vincent Holt alichapa kijitabu cha kuhimiza ulaji wa wadudu, akiwaelekea hasa vibarua wa mashambani waliokosa nyama. Hoja yake ilikuwa ya huruma, lakini ndani yake tayari mdudu amepewa daraja la chakula cha maskini, daraja ambalo Ninawi halikuwapo. Uchunguzi wa kina ulisubiri kitabu cha Friedrich Bodenheimer cha mwaka 1951.

Senene

Hakuna mfano ulio wazi kuliko senene wa ukanda wa Ziwa Viktoria. Senene (Ruspolia differens) ni ndugu wa panzi mwenye kichwa kilichochongoka na papasi ndefu, wa rangi ya kijani au ya udongo. Huruka usiku kwa makundi makubwa wakati wa mvua: msimu mkuu mkoani Kagera na nchini Uganda huwa mwishoni mwa mwaka, Novemba hasa, na mwingine mdogo hufuata kati ya Aprili na Mei. Zamani waliokotwa alfajiri kwenye nyasi, wakiwa wamelemewa na umande. Siku hizi biashara kubwa, hasa Masaka, inategemea taa kali zinazowashwa juu ya mabati yaliyosimamishwa wima na kuinamishwa ndani ya mapipa. Majani mabichi huchomwa ili moshi uwaleweshe. Senene hugonga bati, huteleza na kuishia kwenye pipa. Wategaji hukesha usiku kucha, macho yakiumia kwa mwanga, na ngozi ikiungua kwa sumu ya mbawakawa wadogo wekundu na weusi wanaovutwa na taa zizo hizo. Mtaji wa mabati, mapipa na umeme lazima upatikane kabla senene wa kwanza hajaonekana, na msimu ukigoma hasara ni ya mtegaji. Mtu mwenye njaa hana mtaji wa kuuweka rehani namna hiyo.

Jikoni kazi kubwa ni kuwachambua. Mabawa hung'olewa kwanza, kisha miguu ya nyuma yenye miba, na vidole hupakwa majivu ili mdudu asiteleze. Wakishaoshwa hutiwa chumvi na kuwekwa chomboni bila mafuta ya kupikia, kwa sababu mafuta yao wenyewe hutoka punde moto unapowashika. Kitunguu huongezwa mwishoni. Wakikaushwa sawasawa hukaa muda mrefu, na ndivyo wanavyosafiri kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam na kuwafikia jamaa waliohamia mbali zaidi. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wao mkavu ni protini, na kiasi kinachokaribiana na hicho au kukizidi ni mafuta. Lakini katika soko la Kampala au Bukoba hakuna anayenunua kwa kusoma takwimu hizo. Utafiti wa masoko ya Uganda ya kati uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta kilo ya senene ikiuzwa ghali kuliko kilo ya nyama ya ng'ombe. Mnunuzi aliyekuwa na fedha ya nyama aliiacha nyama.

Miiko inathibitisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Katika desturi ya zamani ya Buganda wanawake na watoto ndio waliokusanya senene, lakini walaji walikuwa wanaume. Mke aliyempelekea mumewe senene alitarajia zawadi ya nguo, naye mwenyewe aliambiwa kwamba akiwala angezaa mtoto mwenye kichwa kama chao. Haikuwa haki, na wanawake wa leo wameivunja desturi hiyo kwa kula bila kuomba ruhusa ya mtu. Hata hivyo, mwiko huo unaonyesha thamani ya chakula chenyewe, kwa kuwa kinachohodhiwa na wakubwa wa nyumba ni kitamu, na chakula cha shida huachiwa wasio na sauti. Baganda wa ukoo wa Nsenene, kwa upande wao, hawawali kwa kuwa ndio mzio wa ukoo.

Viwavi wa miombo na wa Kongo

Katika misitu ya miombo, kuanzia Zambia hadi Katanga, viwavi hungojewa kama mavuno mengine yoyote. Watafiti waliofanya kazi eneo la Kopa, wilaya ya Mpika, Zambia, waliandika juu ya utaratibu wa jadi wa kuwasimamia: miti yenye mayai na viwavi wachanga hukaguliwa, moto wa nyika huzuiwa usiiharibu, na siku ya kuanza kuokota hutangazwa baada ya viwavi kukomaa. Sheria za namna hii hutungwa na watu wanaotaka mwakani wapate tena. Lubumbashi huwaita vinkubala, Kinshasa huwaita mbinzo, na katika miji hiyo huuzwa wakiwa wakavu mwaka mzima. FAO imetaja makadirio kwamba kaya ya wastani ya Kinshasa hula takriban gramu 300 za viwavi kwa wiki. Kinshasa ni jiji la mamilioni ya watu lenye kuku wa kugandishwa na samaki wa kuagizwa. Kiwavi yupo sokoni kwa sababu ana wateja.

Kusini zaidi yupo kiwavi wa mopani (Gonimbrasia belina) wa Botswana, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini. Hukamuliwa matumbo kwa vidole, huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani. Tishio kubwa kwa viwavi wote hawa ni ukataji wa miti. Msapeli, mti wa mbao ghali unaosakwa na makampuni ya magogo Afrika ya Kati, ndio pia mti wanaoutegemea viwavi wapendwao sana, na mkataba wa magogo hauhesabu kilichopotea kwenye majani.

Kwingineko

Kumbikumbi hupendwa mno magharibi mwa Kenya, wakiokotwa mvua zinapoanza. Meksiko, ambako Julieta Ramos-Elorduy alitumia maisha yake ya utafiti kuorodhesha mamia ya spishi, mabuu ya sisimizi yaitwayo escamoles huuzwa kwa bei ya anasa, na panzi wa Oaxaca hukaangwa kwa ndimu na pilipili. Jimbo la Santander, Kolombia, lina sisimizi wakubwa wenye matumbo manene ambao ni zawadi ya harusi. Katika milima ya Nagano, Japani, wawindaji humpa nyigu kipande cha nyama kilichofungwa uzi mweupe, kisha humfuata mbio porini hadi kwenye kiota chake ardhini ili wachukue mabuu. Wakorea hula mabundo ya nondo wa hariri. Wenyeji wa Australia walikuwa na nondo wa bogong na mabuu ya miti.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni la haki: wadudu wameokoa watu wakati wa njaa. Nzige waliokwisha kula shamba wameliwa na mwenye shamba, na katika misitu ya Kongo msimu wa viwavi huangukia miezi ya mvua ambapo kuwinda na kuvua ni kugumu. Lakini chakula kinachofaa wakati wa dhiki hakigeuki kuwa chakula cha dhiki. Dagaa nao hufaa, na hakuna anayewaandika katika sura ya majanga. Zaidi ya hayo, kaya nyingi za vijijini kusini mwa Afrika huwauza viwavi wa mopani, au huwabadilisha kwa mahindi. Kama mdudu angekuwa chakula duni, ungeuzwa unga ili wanunuliwe viwavi.

La pili ni kinyaa, ambacho hudaiwa kuwa cha maumbile. Madai hayo hayasimami mbele ya kamba na kaa, ambao ni arthropoda kama wadudu na ni fahari ya hoteli za pwani. Rangi nyekundu ya kamini iliyomo katika peremende na vinywaji vingi hutokana na mdudu wa mpungate. Mamlaka ya chakula ya Marekani huanza kuichukulia hatua siagi ya karanga pale vipande vya wadudu vinapofikia 30 kwa gramu 100, maana yake ni kwamba vichache kuliko hivyo huliwa kila siku. Kinyaa hufundishwa utotoni, na upendo wa senene nao hufundishwa hivyohivyo.

Dini ni jambo jingine, na halifai kuchanganywa na kinyaa. Torati inawaruhusu nzige (Mambo ya Walawi 11:22), na Yohana Mbatizaji aliwala pamoja na asali ya mwitu. Katika Uislamu nzige ni halali hata bila kuchinjwa, na hadithi sahihi zinasimulia kwamba masahaba waliwala vitani wakiwa na Mtume. Kuhusu wadudu wengine madhehebu yanatofautiana: Maliki wamepanua, Shafii, ambao ndio wengi katika mwambao wa Afrika Mashariki, wamebana. Mtu wa Mombasa anayewakubali nzige na kuwakataa kumbikumbi ana msimamo wa fikihi, unaostahili heshima.

Usalama ni pingamizi zito kuliko yote. Mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika na nyenje. Viwavi aina ya Anaphe wa Nigeria wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na walaji wenye lishe duni wamepatwa na ugonjwa wa kupepesuka na kutetemeka. Nzige waliopuliziwa dawa, kama ilivyofanyika Kenya katika uvamizi wa mwaka 2020, hawapaswi kuliwa kabisa. Hatari hizi zinadai ukaguzi uleule unaodaiwa na nyama na maziwa, wala hazimtoi mdudu katika jamii ya vyakula.

Ufugaji na sheria

Uswisi iliruhusu uuzaji wa aina tatu mwaka 2017. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mabuu makavu ya mbawakawa wa unga mwaka 2021, kisha nzige na nyenje wa nyumbani. Singapore ikaruhusu spishi 16 mwaka 2024. Kenya, yenye kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, imeshaweka viwango vya taifa vya bidhaa za wadudu.

Matokeo ya ufugaji yamegawanyika kwa namna inayofundisha. Ynsect ya Ufaransa, iliyokusanya mamia ya mamilioni ya yuro kwa ahadi ya protini ya siku zijazo, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya madeni mwaka 2024. Thailand, iliyoanza kufuga nyenje mwaka 1998 kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Khon Kaen, ilikuwa na mashamba yapatayo 20,000 ripoti ya FAO ilipotoka, mengi yakiwa ya familia zenye matangi ya saruji uani, kwa kuwa walaji walikuwapo kabla ya mashamba. Njia hiyo ndiyo wanayoifuata watafiti wa Uganda na wenzao wa Chuo Kikuu cha Mashariki mwa Finland wanaojaribu kumlea senene kwa nafaka na nyasi, ili apatikane nje ya msimu kwa wanunuzi ambao mavuno ya Novemba hayawatoshi.