Maziwa ya Görbersdorf

Hermann Brehmer aliamini kwamba wagonjwa wa kifua kikuu wana moyo mdogo usioweza kuyahudumia mapafu yao. Alikosea. Hata hivyo, kwa imani hiyo alianzisha kituo cha tiba katika miaka ya 1850 kijijini Görbersdorf, Silesia, ambako leo ni Poland. Wagonjwa walipandishwa vilima kwa hatua zilizopimwa na kulishwa wakashiba: nyama, siagi, maziwa, hata mvinyo. Peter Dettweiler, mgonjwa wake aliyegeuka msaidizi wake, alifungua kituo cha Falkenstein mwaka 1876, akapunguza matembezi na kuwalaza watu vitini barazani. Walitofautiana kuhusu mazoezi. Kuhusu chakula, hapana.

Mtindo huo ulisambaa duniani. Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, ilianza kupokea wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926.

Kisha ikaja streptomaisini, mwaka 1943, na dawa nyingine nyuma yake. Kuanzia 1956 watafiti wa Madras, India, waliwapa wagonjwa dawa zilezile, wengine wakiwa wamelazwa, wengine makwao. Wa nyumbani walikula vibaya na kubanana vyumbani. Waliolazwa waliongezeka uzito zaidi. Lakini bakteria walitoweka kwa kiwango kinachokaribiana pande zote mbili.

Kwangu hayo ni miongoni mwa matokeo yenye utu zaidi katika historia ya tiba: maskini hakulazimika tena kuacha familia yake mwaka mzima ili apone. Ninachokitilia shaka ni namna yalivyosomwa. Jibu lilihusu bakteria. Wengi wakalichukua kama jibu kuhusu mwili mzima, na sahani ikasogezwa pembeni.

Mama yangu mkubwa alimaliza dozi ya miezi sita, makohozi yakawa safi, akaandikwa amepona. Mapafu yalibaki na makovu. Ugali aliuacha nusu, majirani wakasema anadeka. Hamu alikuwa nayo. Pumzi ndiyo iliyomwishia katikati ya mlo. Tumbo likijaa husukuma kiwambo juu, na kwa mapafu yaliyoharibika kule kuvuta hewa tu hula nguvu nyingi. Asiyefidia hukonda, na misuli inayopungua ni pamoja na ile ya kupumulia. Ndiyo maana milo midogo ya mara kwa mara, yenye mayai, maharage au dagaa, huenda sambamba na mazoezi. Hakuna aliyemweleza hayo.

Kwa wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, kukonda nako kulichukuliwa kwa miaka mingi kuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe, jambo la kuvumilia. Huko Uholanzi, Annemie Schols na wenzake walikataa. Mwaka 1998 walionyesha kwamba wagonjwa walioongezeka zaidi ya kilo 2 katika wiki 8 za ukarabati wa mapafu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuendelea kuishi.

India nayo ilirudia swali lake la zamani. Katika utafiti wa Jharkhand uliochapishwa mwaka 2023, kaya za wagonjwa wa kifua kikuu ziligawiwa vyakula, na visa vipya vya ugonjwa miongoni mwa ndugu vikapungua kwa karibu asilimia 40. Wagonjwa walioongezeka uzito mapema walikufa kwa uchache zaidi. Kikapu cha mgonjwa kilikuwa na mchele, dengu, mafuta na maziwa ya unga.