Mavazi ya Uungwana Unguja

Katika Unguja ya karne ya 19, hadhi ya mtu ilisomeka mwilini. Mtumwa wa kawaida alijifunga kitambaa cha merikani au kaniki, akaenda peku, kichwa wazi. Kofia na viatu vilikuwa vya waungwana.

Askari hakuhitajika kila kichochoro kulinda mpaka huo wa mavazi. Aliyeuvuka aliandamwa na ndimi za mtaa.

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Walioachwa huru hawakuipiga teke desturi ile ya mavazi ya waungwana, waliivaa. Wanaume wakatwaa kanzu na kofia, wanawake wakajitanda kanga za rangi, na baadaye buibui.

Waliifuata kwa sababu iliwapa kile ambacho amri peke yake haikuwapa: kuhesabiwa wenye mji.