Gari la Picha na Watu Wasiokuja: Asili ya Saikolojia ya Afya

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa, na katika kumlaumu hudhani kwamba anakijua anachokificha. Lakini yuko mtu mwingine ambaye methali haikumtaja. Huyo ana maradhi kifuani bila ya habari, ameitwa akapimwe bure, na hakwenda. Hakuficha kitu, maana hakuwa na cha kuficha. Kwa nini basi hakwenda? Swali hili dogo ni mojawapo ya mizizi ya tawi zima la elimu, ambalo leo lina shahada zake, majarida yake na watu wanaolipwa mishahara kwa kulishughulikia. Jina lake ni saikolojia ya afya, yaani elimu ya nafsi ya binadamu inapohusiana na uzima na ugonjwa wa mwili wake.

Isidhaniwe kuwa elimu hii ndiyo ile ya kutibu wenye maradhi ya akili. Hiyo ni ndugu yake mkubwa, na kwa muda mrefu ndugu huyo ndiye aliyejulikana peke yake. Saikolojia ya afya hushughulika na mtu mwenye akili timamu ambaye ana kisukari, au presha, au jeraha la upasuaji, au ambaye hana ugonjwa wowote bado lakini anavuta sigara kila baada ya chakula.

Katika miaka ya 1940 na 1950 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikuwa ikipambana na kifua kikuu. Maradhi haya yaweza kukaa kifuani kabla ya kikohozi kuanza, na picha ya eksirei huweza kuyafichua mapema. Kwa hiyo magari yenye mitambo ya eksirei yalipelekwa mpaka mitaani, karibu na milango ya watu. Picha ilikuwa bure, au kwa malipo madogo mno. Wakuu wa idara walitazamia misururu mirefu. Wengi walikuja, ni kweli, lakini wengi wengine walipita kando ya gari wakaenda zao sokoni. Hapakuwa na umbali wa kulaumu wala bei ya kulalamikia.

Idara ikafanya jambo ambalo serikali hazina desturi ya kulifanya: badala ya kuwakaripia watu, iliwaajiri wataalamu wa saikolojia ya jamii wakawaulize. Wanne miongoni mwao walikuwa Godfrey Hochbaum, Irwin Rosenstock, Stephen Kegeles na Howard Leventhal. Hochbaum alihoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji mitatu, na mwaka wa 1958 akatoa taarifa yake. Hakuwauliza tu kama wanajua kifua kikuu ni nini. Aliwauliza kama wanaamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuupata, hata wakiwa wanajisikia wazima, na kama wanaamini kwamba kuugundua mapema kuna faida. Miongoni mwa walioamini yote mawili, 82 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kupigwa picha kwa hiari yao angalau mara moja. Miongoni mwa wasioamini hata moja, walikuwa 21 tu.

Tofauti hii ni kubwa, na juu yake ulijengwa utaratibu wa fikra uitwao nadharia ya imani za afya, ambao hufundishwa hadi leo. Hata hivyo msomaji mwangalifu atasita kidogo. Hochbaum aliwauliza watu imani zao baada ya wengine kuwa wamekwisha kupigwa picha, na yamkini mtu huanza kuamini faida ya jambo baada ya kulitenda, ili asionekane amejisumbua bure. Kasoro hii ilitambuliwa na wanafunzi wa elimu yenyewe. Haikuvunja kazi ya Hochbaum, bali iliwafundisha waliomfuata kutotosheka na kuuliza, wakaanza kujaribu.

Majaribio yao mengi yalihusu hofu. Watu wazima wa kila taifa huamini kwamba mtoto akitishwa vya kutosha atatii, na waelimishaji wa afya waliamini hivyo hivyo kuhusu watu wazima. Mwaka wa 1953 Irving Janis na Seymour Feshbach waliwapa wanafunzi wa shule ya sekondari mihadhara juu ya usafi wa meno. Kundi moja lilitishwa sana kwa picha za meno yaliyooza na fizi zilizovimba. Jingine liliambiwa mambo yale yale kwa upole. Waliotishwa sana walitoka wakiwa na wasiwasi kuliko wote. Baada ya wiki moja, wao ndio waliokuwa wamebadili mwendo wao kidogo kuliko wote.

Leventhal na wenzake walikwenda mbele zaidi katika Chuo Kikuu cha Yale, na taarifa yao ilitoka mwaka wa 1965. Wanafunzi walisomeshwa vijitabu juu ya pepopunda, vingine vya kutisha na vingine vya upole, wakahimizwa wakachanjwe katika zahanati ya chuo. Waliotishwa zaidi walinuia zaidi. Lakini nia si mguu. Baadhi yao walipewa kitu cha ziada, nacho kilikuwa ramani ya chuo yenye alama penye zahanati, wakaombwa watazame ratiba yao ya wiki na kuchagua saa ya kupita huko. Wanafunzi hao walikuwa wa mwaka wa mwisho, na zahanati waliijua tangu zamani. Hata hivyo, waliopewa ramani walikwenda kiasi cha 28 katika kila 100, na wasiopewa kiasi cha 3. Kiasi cha hofu hakikuleta tofauti hiyo, ingawa ramani pekee, pasipo hofu yoyote, nayo haikutosha. Karatasi moja na saa iliyochaguliwa ndizo zilizovusha nia mpaka kwenye sindano. Huenda hakuna jaribio jingine katika elimu hii linalostahili kubandikwa ukutani mwa kila ofisi ya afya kuliko hili.

Pamoja na hayo yote, elimu yenyewe haikuwa na jina. Mwaka wa 1969 William Schofield aliwakumbusha wataalamu wa saikolojia wa Marekani kwamba wamejifungia katika maradhi ya akili, na kwamba maandishi yao juu ya afya nyingine ni haba. Mwaka wa 1977 daktari George Engel wa Chuo Kikuu cha Rochester aliandika katika jarida la Science kwamba uganga wa kisasa unamtazama mgonjwa kama mwili mtupu, na akataka utazame mwili, nafsi na jamii kwa pamoja. Mwaka uliofuata, 1978, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilianzisha idara yake ya 38, ya saikolojia ya afya. Rais wake wa kwanza alikuwa Joseph Matarazzo, aliyekuwa akiwafundisha waganga huko Portland, Oregon, tangu 1957. Jarida lilifuata mwaka wa 1982, na chama cha Ulaya mwaka wa 1986.

Mtu aliyeichagua kazi hii hufanya nini anapoamka asubuhi? Yeye hana dawa wala kisu. Katika hospitali huketi na mgonjwa anayengojea upasuaji akamweleza maumivu atakayoyasikia na namna ya kuyakabili. Huketi na mwenye kisukari aliyechoka kujidunga, na mwenye maumivu ya mgongo ambayo hayakuonekana katika picha yoyote, akamsadiki. Huwafundisha hata waganga. Mwingereza Philip Ley alionyesha, tangu miaka ya 1960, kwamba wagonjwa husahau sehemu kubwa ya waliyoambiwa mara tu watokapo kwa daktari, na kwamba maagizo yakitangulizwa mwanzoni mwa mazungumzo hukumbukwa zaidi. Wengine hawamwoni mgonjwa kabisa. Kazi yao ni utafiti, au kupanga kampeni za chanjo na za kuacha tumbaku.

Njia ya kufikia huko ni ndefu. Marekani hudai shahada ya udaktari wa saikolojia, mafunzo ya kazi chini ya msimamizi, na leseni ya jimbo kwa anayetaka kutibu. Uingereza hudai shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha ya uzamili, kisha mazoezi yanayosimamiwa. Na tangu mwaka wa 1 Julai 2009 ilipoanza kuwaandikisha wataalamu hao kisheria, hakuna awezaye kujiita mwanasaikolojia wa afya bila ya jina lake kuwamo katika daftari. Kijana anayetafuta mali ya haraka na atafute pengine.

Iko lawama moja ambayo elimu hii imeistahili. Kwa kuwa magari ya eksirei yalifika milangoni, wasomi wake wa kwanza walipata jamii ambayo umbali na bei vilikuwa vimeondolewa, wakabaki na imani za watu peke yake. Nadharia iliyozaliwa hapo ilipochukuliwa mahali ambapo zahanati iko mwendo wa nusu siku, ilielekea kumtwika mgonjwa mzigo usio wake. Mwanamke asiyekwenda kliniki kwa kukosa nauli hana upungufu wa imani.

Jambo hili lilidhihirika Tanzania, na tena katika kifua kikuu. Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianzishwa mwaka wa 1977, na daktari Karel Styblo akawa mshauri wake mkubwa. Tiba ya wakati huo ilikuwa ya miezi mingi. Mgonjwa hupata nafuu mapema, akaacha vidonge, na maradhi yakarudi. Mpango haukungoja imani za wagonjwa zibadilike. Ulihakikisha dawa haikatiki, ukaweka daftari la kila mgonjwa katika kila wilaya, na ukataka vidonge vya miezi ya mwanzo vimezwe mbele ya mhudumu. Matokeo yalikuwa mema hata Shirika la Afya Duniani likautumia kama kielelezo lilipoutangazia ulimwengu utaratibu wake katika miaka ya 1990.

Lakini kumeza mbele ya mhudumu maana yake ni kutembea kila siku mpaka kwa mhudumu, na shamba halingoji. Tangu mwaka wa 2006 mpango ulianza kumwuliza mgonjwa mwenyewe: atamezea dawa zake kituoni mbele ya mhudumu, au nyumbani mbele ya jamaa aliyemchagua? Wengi wakachagua nyumbani.