Akili Igeuzayo Njia

Ipuli ni kata moja ya manispaa ya Tabora, katika nchi ambayo wazee waliiita Unyanyembe. Asomaye tarehe ya Afrika Mashariki hawezi kuipita nchi hii bila kusimama, kwa kuwa misafara yenyewe ilisimama hapa. Njia kuu iliyoanza Bagamoyo ilifika Unyanyembe ikagawanyika: tawi moja lilishika magharibi mpaka Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na jingine lilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipowasili mwezi wa Novemba 1857, waliwakuta wafanya biashara wa Kiarabu wamekwisha kujenga tembe zao mahali palipoitwa Kaze. Pembe za ndovu, nguo na shanga zilipita hapa. Na watu waliofungwa minyororo walipita pia, neno ambalo tarehe ya kweli haiwezi kulificha.

Katika mambo mengi ya misafara hiyo, insha hii yachagua moja tu, nalo ni akili ya kuiacha njia iliyozoewa wakati njia hiyo inapofungwa. Mwaka 1871 Mirambo, mtemi wa Urambo, alipigana na Waarabu wa Tabora, na njia fupi ya Ujiji ikafungwa. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliondoka Kwihara mwezi wa Septemba, akazunguka kusini kupitia Ukonongo, akafika Ujiji kabla ya mwaka kwisha. Sifa ya mzunguko huo hupewa mwenye safari. Lakini mabega yalikuwa ya wapagazi, na bila wao safari isingalikwenda hata hatua moja. Kirangozi aliyejua njia moja tu alikuwa hatari kwa wenzake sawa na asiyejua njia yoyote. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, na maana yake ni kuwa ujuzi una sehemu mbili: kushika lililo sawa, na kuliachilia linapokoma kuwa sawa.

Uwezo huo wa pili ndio ambao wataalamu wa ubongo wa karne ya 20 walianza kuupima. Hawakuupima kwa misafara bali kwa karata. Mwaka 1948 Esta Berg na David Grant, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin katika Marekani, walitangaza jaribio lililo jepesi kutazama na gumu kufanya. Mtu hupewa karata zenye maumbo ya pembe tatu, nyota, misalaba na duara, za rangi mbalimbali na idadi mbalimbali. Huambiwa azipange, wala haambiwi kanuni. Huambiwa tu kila mara kama amepata au amekosa. Akisha kugundua kuwa kanuni ni rangi, na akisha kuifuata bila kosa mara kadha wa kadha, kanuni hubadilishwa kimyakimya ikawa umbo. Hapo mtu mzima mwenye afya hukosa kidogo, hushtuka, kisha hutafuta kanuni mpya.

Mwaka 1963 Brenda Milner, mtaalamu wa Montreal katika Kanada, alieleza habari za wagonjwa waliopasuliwa ubongo ili kutibiwa kifafa. Wale waliokatwa kipande cha sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, waliishika kanuni ya kwanza na kuirudia hata walipoambiwa mara nyingi kuwa wamekosa. Mwaka 1996, katika Cambridge, Dias, Robbins na Roberts walionyesha kwa tumbili wadogo kuwa hata kugeuka kwenyewe ni kwa namna mbili. Palipoumizwa upande wa sehemu ile ya mbele, tumbili alishindwa kuuhamisha uangalifu wake kutoka alama ya aina moja kwenda alama ya aina nyingine. Palipoumizwa chini yake, juu ya macho, alishindwa kutambua kuwa kitu kilicholeta tunzo jana leo hakileti tena.

Elimu hii yatufundisha jambo la adabu kabla ya kutufundisha jambo la utabibu. Mtu ang'ang'aniaye desturi moja si lazima awe mkaidi, wala mtoto aliaye kwa kuwa kikombe chake kimebadilishwa si lazima awe amedekezwa. Mwaka 1943 Leo Kanner, tabibu wa watoto katika Baltimore, aliandika habari za watoto 11 aliowaona na hali moja. Walikaa peke yao katikati ya watu, na walitaka mambo yote yabaki kama yalivyokuwa. Hali hiyo leo twaiita usonji. Wako watu wenye usonji wenye maarifa makubwa. Shida yao si upungufu wa akili, bali ni kuwa dunia hubadilisha kanuni zake bila kuwaarifu.

Msomaji aweza kuuliza: mambo ya Baltimore na Montreal yatuhusu nini sisi wa Unyanyembe? Yatuhusu sana. Mwaka 2006 Mankoski na wenzake, miongoni mwao wakiwa wataalamu wa Tanzania, walitangaza habari za watoto 20 wa nchi hii. Watoto 14 walitimiza vipimo vyote vya usonji, na watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri mpaka walipopatwa na malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Walipopona homa, usonji ulionekana. Watatu ni wachache, na aghalabu chanzo cha usonji ni urithi wa mwili. Lakini madhara ya malaria katika ubongo yameonekana kwingine pia. Nchini Uganda, utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulipata kuwa mtoto mmoja katika kila wanne hivi waliopona malaria ya ubongo alikuwa na upungufu wa fahamu miaka miwili baadaye. Na katika upimaji wa taifa wa mwaka 2022, Tabora ndio mkoa ulioongoza Tanzania Bara kwa malaria ya watoto wadogo: 23 katika kila 100. Basi chandarua si kinga ya uhai peke yake. Ni kinga ya akili.

Sasa na tuifuate njia ya misafara mpaka mwanzo wake, Bagamoyo. Huko Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, pamoja na wataalamu wa Kitanzania, waliwapima mamia ya watoto wa shule za vijijini, nao wakatangaza matokeo mwaka 2002. Moja ya vipimo vyao lilikuwa jaribio la kupanga karata lililofuata mfano wa lile la Wisconsin. Lakini waliongeza jambo ambalo wapimaji wengi hawalifanyi. Walipima mara moja, kisha wakawafundisha watoto kwa muda usiofika saa moja namna ya kulitazama fumbo, kisha wakapima tena. Alama zilipanda. Na la ajabu zaidi, cheo cha mtoto katika jaribio la kwanza hakikutabiri vema cheo chake katika la pili. Waliofuatana hivi mwanzoni walifuatana vingine mwishoni, na jaribio la pili ndilo lililoonyesha vizuri zaidi uwezo wao katika kazi nyingine za akili.

Tuyapime maana yake. Kama wapimaji wangaliondoka baada ya jaribio la kwanza, watoto kadha wangaliandikwa wazito wa kuelewa, na maandishi hayo yangaliwafuata. Kumbe uzito haukuwa katika vichwa vyao, bali katika ugeni wa fumbo na haraka ya mpimaji. Mizani ilikosea kwa sababu ilipima mara moja.

Tarehe ya elimu katika Tabora yenyewe inatoa ushuhuda huo huo. Shule ya Serikali iliyofunguliwa hapa katika miaka ya 1920 ilikusudiwa kwanza wana wa watemi. Mtoto wa mtu wa kawaida hakuhesabiwa kuwa na haja ya elimu hiyo. Kanuni ikabadilika. Mtoto kiziwi alidhaniwa hafundishiki, mpaka Kanisa Katoliki lilipofungua hapa Tabora, mwaka 1963, shule ya viziwi iliyokuwa ya kwanza nchini. Watoto wasioona wakapata nafasi katika shule ya Furaha. Wenye ulemavu wa akili walingoja zaidi, mpaka miaka ya 1980, ndipo serikali ilipoanza kuwafungulia madarasa. Leo mji huu una chuo kikuu kishiriki kilichopewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo, ambacho hufunza walimu wa elimu maalumu. Katika kila hatua mtoto alikuwa yule yule. Aliyebadilika alikuwa mpimaji.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Twasema kuwa mtoto mwenye usonji hawezi kuiacha kanuni aliyoizoea, na twamhurumia, au twamcheka, au twamficha chumba cha ndani wageni wanapobisha hodi. Lakini ni nani aliyeng'ang'ania kanuni moja kwa muda mrefu zaidi: yeye, au jamii iliyomwita punguani kizazi baada ya kizazi? Mtoto ana udhuru, kwani ubongo wake umeumbwa au umejeruhiwa hivyo. Sisi tulio wazima, ambao tumeambiwa mara nyingi kuwa tumekosa na bado twaweka karata pale pale, udhuru wetu ni upi?

Msafara wa kale uliweza kukuta njia imefungwa. Ndipo ulipotafuta njia nyingine. Mwalimu amwambiaye mtoto mapema kuwa kesho ratiba itabadilika, na mzazi amtoaye mwanawe uani na kumketisha mbele ya wageni, hao wanafanya kazi ya kirangozi. Taifa litakalowafuata halitakuwa limewatendea watoto hao hisani. Litakuwa limejifunza.