Joto Linalolinda Koili

Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alipaka vanishi kipande cha chuma, akakizungushia waya mtupu wa shaba na kupitisha umeme. Chuma kikawa sumaku. Lakini waya ule haukuwa na kinga yoyote, hivyo ilibidi mizunguko yake itengane. Mjini Albany, Marekani, Joseph Henry akauvisha waya wenyewe hariri. Sasa mizunguko iliweza kulala pamoja, tabaka juu ya tabaka, na mwaka 1831 sumaku aliyoitengenezea chuo cha Yale ikainua zaidi ya kilo 900.

Mota za umeme, ambazo nazo hutumia koili za waya, zilirithi kinga hiyo pamoja na udhaifu wake: hariri na pamba hufyonza unyevu. Viwanda vikaanza kuchovya koili kwenye vanishi na kuzioka tanurini kwa saa nyingi, ili maji na thina vitoke na vanishi igande. Tangu hapo, kulinda waya kukawa na gharama ya nishati.

Mwaka 1930 mhandisi V. M. Montsinger alionyesha kwamba joto likizidi kwa nyuzi 8 hivi za Selsiasi, umri wa kihami, yaani kinga ya waya, hupungua nusu. Zikatafutwa resini za vanishi zinazostahimili joto zaidi. Vanishi za silikoni, zilizokuja miaka ya 1940, zilistahimili nyuzi 180, lakini nazo zilihitaji tanuri kali zaidi.

Statori, sehemu ya mota isiyozunguka, yenye kilo 50 huhitaji takriban uniti 0.8 tu ya umeme kupanda kutoka nyuzi 25 hadi 150. Tanuri hutumia zaidi ya hapo, kwa sababu hupasha pia kuta, toroli na hewa. Tena mvuke wa thina unaweza kulipuka, hivyo lazima utolewe nje mfululizo, nao huondoka na hewa iliyokwisha kupashwa kwa gharama.

Ufumbuzi ulikuja kwa kulenga joto. Zikatumika resini zisizo na thina. Umeme ukapitishwa ndani ya koili yenyewe, ikajipasha. Na miaka ya 1950 Ujerumani ikaleta mbinu ya kuchovya kifaa kilichopashwa moto kwenye unga wa plastiki unaoelea hewani, ukayeyuka na kukigandia.

Kufupisha muda wa kuoka si njia ya kubana matumizi. Vanishi isiyoiva huua mota mapema, na shaba, chuma na nishati yote iliyotumika hupotea pamoja nayo. Koili ipewe joto lake lote; linalopaswa kupunguzwa ni lile linaloishia kwenye kuta na dohani.